Mzee Maftah na Programu ya Masufuria

Zamani mtu akitaka kompyuta imjumlishie sahani za nyumba mbili aliandika neno zima, jumlisha, akafungua mabano na kuzitaja nyumba zote mbili kwa adabu. Siku hizi vijana wanachomeka kialama katikati, kama mwiba wa samaki, na kusema kazi imekwisha.

Maneno hayo ni ya Maftah wa Bukoto, na aliyasema mara nyingi kiasi kwamba mkewe, Mwanawetu, aliweza kuyamalizia bila kuinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. Majirani walimwita Mzee wa Makufuli. Babu wa babu yake alifika Kampala na msafara wa vitambaa kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi. Maftah mwenyewe aliuza makufuli, bawaba na misumari kwa miaka thelathini na minane. Shule aliiacha darasa la saba. Mengine yote alijisomea mwenyewe nyuma ya kaunta: Kiingereza alikitoa kwenye magazeti yaliyofungiwa misumari, ufundi wa redio kwenye redio zilizokufa, na kompyuta kwenye kitabu kilichochanika.

Kitabu hicho kina habari yake. Mwaka 2004 alikwenda soko la Owino kutafuta suruali, akarudi na kitabu. Kilikuwa cha kufundisha lugha ya kompyuta iitwayo Python, kinene kama tofali, ila kurasa mia moja na arobaini za mwanzo hazikuwepo. Muuzaji hakumficha. Mama wa karanga wa kibanda cha pili alikuwa akizichana moja moja kufungia karanga, na Maftah angechelewa wiki kadhaa angekuta jalada tu.

"Python ndiyo nini?" aliuliza Mwanawetu nyumbani.

"Chatu."

"Umeniletea chatu kwenye nyumba yenye watoto?"

"Ni jina tu, mama."

"Hata jina. Liweke uani."

Sasa, katika kurasa zile zilizokwenda na karanga ndimo lilimokuwa somo la siku ya kwanza, ambalo kila mwanafunzi wa lugha ile hulijua: kwamba ukitaka kujumlisha unaweka alama ya kujumlisha, ukitaka kutoa unaweka alama ya kutoa, na kadhalika, alama zilizojengwa ndani ya lugha yenyewe. Zilizobaki ni kurasa za nyuma, na huko nyuma mlikuwa na sura moja ndefu kuhusu amri zenye majina, ambazo wenyewe huziita fanksheni, zinazofanya kazi zilezile za alama: moja ya kujumlisha, moja ya kutoa, moja ya kulinganisha, moja ya kuuliza kama kitu fulani kimo ndani ya kingine. Kitabu kilizitoa kama badala tu, za kutumiwa pale alama isipofaa. Lakini Maftah angejuaje? Alijifunza makamu akidhani ndiye mkuu.

Hakuwa mvivu wa kutafuta. Mwezi mzima alirudi kwa yule mama na kula karanga mpaka tumbo likamvuruga, akitumaini kuzikomboa kurasa zake moja moja. Alipata ukurasa wa mtihani wa kilimo, nusu ya maelezo ya trekta, na barua ya mapenzi ya mtu wa Jinja. Akakata shauri kwamba yaliyobaki yanatosha.

Alinunua kompyuta kutoka kwa karani mmoja aliyefunga ofisi yake ya kupiga chapa, akaiweka sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na akaanza. Lugha ile inaruhusu mtu kuzipa amri majina anayoyataka, basi naye akazipa ya Kiswahili. Jumlisha. Toa. Zidisha. Pungua, ya kuuliza kama hiki ni kidogo kuliko kile. Na ile ya kuuliza kama neno moja limo ndani ya jingine akaiita beba.

Programu aliyoiandika ilikuwa ya masufuria.

Bukoto kulikuwa na chama cha vyombo, kile ambacho Waganda wanakiita munno mukabi, mwenzako wa wakati wa shida. Ukifiwa au ukioza mtoto, chama kinakuletea masufuria, mikeka, turubai, mabenchi na miko mirefu kama makasia. Ndani yake walikuwamo Waislamu wenye maduka na familia za askari polisi kutoka kaskazini, na hakuna aliyeona ajabu sufuria lililopika pilau ya maulidi Ijumaa kupika maharage ya ubatizo Jumapili. Chama hakikuwa na ghala. Vyombo vilikaa majumbani mwa watu, na kila kimoja kilikuwa na jina la aliyekitoa, pamoja na lakabu, lililochongwa kwa msumari chini ya mshikio. Kulikuwa na Safinah wa Mishikio Minne. Kulikuwa na Mama Rosalba Kifuniko Kimoja, ambaye kifuniko chake cha pili kilipeperushwa na upepo kwenye msiba mmoja wa mwezi wa nne. Na mkubwa wao wote alikuwa Marehemu Mubarak Tumbo Kubwa, sufuria la kupikia mbuzi watatu, ambalo lilibebwa na wanaume wanne na kuimbiwa njiani.

Siku hizi mtu anampigia simu mpishi wa kukodi, analetewa vyombo vinavyong'aa na vishumaa chini, na hakuna jirani anayeombwa hata kijiko. Lakini wakati ule chombo kilihama nyumba hadi nyumba, na swali la kila wiki lilikuwa: Mubarak yuko kwa nani? Maftah aliandika programu ya kulijibu swali hilo. Vyombo mia nne na kumi na viwili, nyumba sitini na tatu. Mtu anakuja sebuleni, anakunywa chai, anasema "Mubarak", Maftah anaandika "Mubarak", na kompyuta inamtolea kila chombo chenye neno hilo katika jina lake pamoja na nyumba kilipo.

Miaka mitatu ilipita kabla hajaujua ukweli. Aliugundua Wandegeya, kwenye duka la intaneti, aliposimama nyuma ya mwanafunzi mmoja wa chuo na kumwona akiandika namba, kialama cha kujumlisha, na namba nyingine.

"Kijana," alisema Maftah, "hiyo haitakubali."

Kijana akabonyeza. Ikakubali.

Maftah alitembea kwa miguu mpaka Bukoto. Mwanawetu alidhani kuna msiba. Siku mbili hakuigusa kompyuta, na siku ya tatu aliifungua akaisoma programu yake tangu juu hadi chini, akaona kwamba haina aibu yoyote. Tena ilikuwa na jambo ambalo alama hazina. Alama ya kujumlisha ukiiweka peke yake, bila kitu huku na kitu huku, kompyuta inakulalamikia. Haitumwi mahali, haikabidhiwi mtu. Lakini jina linakabidhiwa. Maftah alikuwa na mstari mmoja ambapo alilichukua neno jumlisha, akalikabidhi kwa amri nyingine kubwa, na amri ile ikapita nalo nyumba sitini na tatu ikikusanya sahani zote za Bukoto. Mstari mmoja! Vijana wakitaka hivyo hujitungia fanksheni ya papo hapo isiyo na jina, ifanye kazi mara moja na kutupwa. Kiumbe kisicho na jina. Maftah hakutaka hata kulizungumzia.

Basi akawaachia walimwengu alama zao, akabaki na majina yake. Na miaka ikaenda.

Mwaka huu mwenyekiti wa chama, Ongom, aliitisha mkutano. Ongom alikuwa askari wa redio katika polisi mpaka alipostaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mzee Maftah," alisema, "watu nasema wamechoka kunywa chai yako."

"Chai yangu ina nini?"

"Chai hakuna shida. Lakini mtu iko Ntinda, nataka benchi, lazima apande boda mpaka kwako? Watu nataka hii kitu kwa simu."

Kazi walipewa vijana wawili. Mmoja alikuwa Taqwa, mjukuu wa Maftah mwenyewe, na wa pili Kidega, kitinda mimba wa Ongom. Wote wawili walisomea kompyuta chuo kikuu, wakakodi chumba juu ya saluni moja hapo Bukoto, na walikuwa wakigombana tangu asubuhi hadi jioni kwa furaha kubwa. Walikuja sebuleni kuichukua programu. Kidega aliisoma, akakohoa.

"Mzee, samahani. Kwa nini hapa umeandika jumlisha, mabano, hiki, hiki? Kuna alama."

"Najua kuna alama."

"Ila hukuzitumia hata moja," alisema Taqwa. "Babu, zimo ndani ya lugha yenyewe. Dunia nzima inasoma hivyo."

"Dunia nzima haijui Marehemu Mubarak yuko kwa nani."

Taqwa alicheka, akamshika mkono. "Tutaisafisha kidogo tu, Babu."

Waisafishe! Kama kwamba ilikuwa na matope.

Ongom ndiye aliyeweka sharti. Yeye na mambo mawilimawili hawakupatana. "Redio mbili kwa kituo kimoja, hapana," alisema. "Safinah anaoza binti yake Jumamosi. Tunajaribu hii ya watoto peke yake kwa hiyo harusi, ya mzee tunazima kwanza. Jumapili wanachama napiga kura. Yenye imeshinda inabaki, ingine tunafuta. Kabisa."

Maftah alijibu sawa. Kisha alikwenda nyumbani na hakula. Miaka ishirini ya kazi yake, kitu pekee alichokitengeneza ambacho si cha kununua na kuuza, kingefutwa kwa kidole kimoja, na hakuna ambaye angejua kwamba kulikuwa na mtu Bukoto aliyeandika vile.

Alhamisi asubuhi akina mama walikusanyika uani kwa Safinah kuanza kukusanya vyombo. Safinah alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwuza vitenge, na bintiye Shamim alifungiwa ndani na wachoraji hina. Maftah alialikwa kwa heshima, akapewa kiti cha plastiki. Ongom alikuwepo. Taqwa alisimama katikati na simu mkononi, na Kidega alikaa ngazini na kompyuta yake magotini.

"Haya, mwanangu," alisema Safinah. "Nitafutie Mubarak."

Taqwa akaandika Mubarak. Simu ikajibu: Hakuna chombo.

"Jaribu sufuria."

Hakuna chombo.

"Jaribu Safinah! Jamani, mimi mwenyewe nipo hapa."

Hakuna chombo.

"Banange, jamani," alisema Safinah. "Na mimi nimefutwa."

Kidega aliona haya mpaka masikioni. "Jana ilifanya kazi. Niliijaribu na vyombo vyote, kimoja kimoja, jina kamili nililinakili kutoka kwenye orodha, na kwa vyote ilinijibu."

Safinah, ambaye hakuwa na subira na mashine, alimpokonya Taqwa simu. Akaandika kama anavyoandika kwa watu, kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti: "Asalaam aleikum mwanangu, hujambo, ni mimi Hajati, bambi, tafadhali, naomba unisaidie kunitafutia Marehemu Mubarak Tumbo Kubwa, harusi ni keshokutwa, Mungu akubariki." Akabonyeza.

Simu ikajibu: Marehemu Mubarak Tumbo Kubwa, yuko kwa Aloyo, nyumba ya arobaini na nne.

Ua mzima ulipiga vigelegele.

"Mnaona?" alisema Safinah. "Mlikuwa mnaiamrisha tu. Hata mimi mtu akiniambia 'Safinah' kavukavu sijibu."

"Haiwezekani," alisema Kidega.

"Inataka salamu," alisema Mwanawetu, ambaye tangu zamani hakumwamini chatu. "Kitu kilicholelewa na Maftah, unategemea nini?"

Wakaanza kuiandikia barua. Akina mama saba, simu saba. Mmoja aliisalimu kwa Kiluganda na kuiuliza habari za nyumbani. Mwingine aliitumia dua. Walioandika jina lote la chombo, herufi kwa herufi, walijibiwa, wakatazamana kwa majivuno. Walioandika nusu ya jina hawakujibiwa hata wangepiga magoti, wakaambiwa na wenzao kwamba adabu zao ni pungufu. Jirani mmoja, Alum, mjane wa sajini, aliiomba simu yake msamaha kwa sauti, maana alikumbuka aliitukana wiki iliyopita.

Maftah hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona. Neno fupi halijibiwi. Jina kamili linajibiwa. Barua ndefu yenye jina kamili ndani yake inajibiwa pia. Hakuhitaji hata kutazama kompyuta ya Kidega kujua kilichogeuzwa. Raha ilimjia tumboni, ya joto, kama uji.

Ongom akaburuta kiti mpaka karibu. Alimjua Maftah kwa miaka mingi, na uso ule aliujua.

"Wewe najua shida iko wapi."

"Mimi ni mzee wa makufuli tu."

"Wewe najua!" Kisha akapunguza sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa zito. "Sikia. Nyamaza tu. Mpaka jioni hii kitu imeanguka, Jumapili kura ni yako. Mimi kama mwenyekiti sijasema kitu. Mimi kama rafiki nimesema."

"Na harusi?"

"Tutatafuta kwa miguu, kama zamani. Wewe si nataka zamani?"

Maftah akanyamaza. Alinyamaza kikombe cha kwanza cha chai, na cha pili. Taqwa alivua viatu vya kisigino, akavaa ndala za Safinah, akaenda mlango kwa mlango kuulizia vyombo ambavyo hakuna aliyekumbuka majina yake kamili, na kila aliporudi alikuwa na vumbi jekundu hadi magotini. Mara ya kwanza alirudi na miko miwili. Mara ya pili na kifuniko. Maftah alimtazama, moyo ukamchoma kidogo, akanyamaza. Alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi, akaketi palepale, akanyamaza. Si rahisi kwa mtu kama yeye. Kujua jambo ambalo wengine hawalijui na kutolisema ni mateso ambayo hakuwahi kuyavumilia maishani, lakini siku ile alijitahidi kiume.

Kilichomshinda kilikuwa kitu kingine. Saa nane mchana Kidega, aliyekata tamaa, alianza kubadilisha ovyo. Akigusa hapa, akijaribu. Akigusa pale, akijaribu. Maftah alisogeza kiti bila mtu kumwona, akachungulia kwa juu ya bega la kijana. Aliona majina yake yote yamekwisha, alama mahali pote, kama shamba lililoota miiba. Na katikati alikiona kile alichokijua, ule mstari unaokusanya sahani za nyumba sitini na tatu. Jumlisha ilikuwa imetolewa, kiumbe kisicho na jina kimewekwa mahali pake, lakini mpango ulikuwa uleule wa kwake na ulikuwa sahihi. Mshale wa Kidega ukaja mpaka kwenye mstari huo. Ukasimama. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufutia.

"Usiguse hapo!"

Hata mwari aliyefungiwa alitoa kichwa dirishani.

"Hapo hapana kosa," alisema Maftah. "Hapo ni pazima. Utaharibu kilicho kizima kwa sababu ya kilicho kibovu? Nani alikufundisha?"

"Basi kibovu kiko wapi, Mzee?"

Ongom alifunga macho. Maftah aliona kura yake ikitoka mlangoni, akaiacha itoke.

"Taqwa, njoo. Ile beba yangu mlifanyaje?"

Taqwa alikuja na ndala zake. "Tuliitoa, Babu. Tukaweka ya lugha yenyewe, ile fupi inayokaa katikati."

"Niliiandikaje mimi? Ndani ya mabano, nani alitangulia?"

"Jina la chombo. Halafu neno linalotafutwa."

"Kwa hiyo na ninyi mkaweka jina la chombo kushoto na neno kulia, na ile fupi katikati yao."

"Ndiyo. Kama jumlisha. Kama toa. Zote zilikubali hivyo, kilichotangulia kikabaki kimetangulia."

"Zote, isipokuwa hiyo." Maftah akamnyoshea kidole Alum, aliyekuwa na mjukuu wake mgongoni. "Tazameni. Mimi nilipoandika beba, nilimtaja mama kwanza, halafu mtoto: mama huyu, je, amembeba mtoto huyu? Jina la chombo ndilo mama, ni refu. Neno linalotafutwa ni mtoto, limo ndani yake. Sasa hiyo fupi yenu inasomwa kinyume. Inamtaka mtoto kwanza: mtoto huyu, je, yumo kwa mama huyu? Ninyi mkawaacha walivyokaa kwangu. Mmekuwa mkiiuliza kompyuta kama mtoto amembeba mama yake mgongoni. Itasema nini? Inasema hapana."

Kidega alifungua mdomo. "Na Hajati alipoandika barua..."

"Barua ya Hajati ni ndefu. Jina la Mubarak zima limo ndani yake. Hapo mtoto alikuwa mkubwa kuliko mama, akambeba. Wala haikuwa salamu."

"Kumbe," alisema Safinah kwa masikitiko. Alikuwa ameanza kuipenda.

Taqwa alipiga goti kando ya Kidega, akayabadilisha maneno mawili nafasi zao, hiki huku, hiki huku. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Akaandika Mubarak, na simu ikatoa majina matatu: Tumbo Kubwa kwa Aloyo, na wadogo zake wawili, waliosahauliwa na kila mtu, kwa fundi saa mmoja wa karibu na msikiti.

"Babu," alisema Taqwa, "ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alisema Mwanawetu kwa niaba yake. "Nilimwona. Alikuwa anakunywa chai kama mtu anayelamba asali."

Taqwa alimtazama babu yake, miguu yake yote vumbi. Akavua ndala, akamrudishia Safinah, na Maftah alitamani angemgombeza.

Pilau ya Jumamosi ilikuwa nyingi na nzuri. Mubarak alikuja juu ya mabega ya wanaume wanne, ingawa hawakuimba, kwa sababu mmoja wao alikuwa anaongea na simu. Jumapili wanachama walikutana kwa Ongom. Kura arobaini na moja zilikuwa za vijana, na za Maftah zilikuwa nne: yake, ya Mwanawetu, ya Alum, na moja ambayo mwenye nayo hakujulikana, ila Ongom alikuwa akitazama dari.

"Imeshinda ya watoto," alisema Ongom. "Sasa ile ya mzee. Kidega, futa."

Kompyuta ya Maftah ilikuwa imeletwa kwa toroli, na kitambaa chake cha kufuma. Kidega alikaa mbele yake, akaweka mikono, akaitoa. "Afanye Taqwa," alisema. Taqwa alitikisa kichwa. Watu wakakohoa. Nje kuku walikuwa wakigombania maganda ya ndizi.

"Lete hapa," alisema Maftah.

Alivaa miwani. Aliifungua kwanza, akaipitisha mbele ya macho kwa utaratibu, jumlisha, toa, zidisha, pungua, beba, kama mtu anayehesabu wageni kabla ya kufunga mlango. Kisha akabonyeza. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika. Hakupenda swali hilo, akabonyeza tena.

"Haya, tuendelee na ajenda," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yale mabenchi yaliyovunjika."

Vijana walipata umaarufu. Chama cha Kisaasi kiliwaita, kisha cha Kamwokya, na kabla mwezi haujaisha kampuni moja ya Kigali ikawaajiri wote wawili. Mwanawetu ndiye aliyepika chakula cha kuwaaga, lakini siku hiyo Maftah alisema mgongo unamsumbua, akalala mpaka wageni walipoondoka. Taqwa alimletea sahani kitandani, akamkuta amefumba macho, akaiweka juu ya kiti.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa sokoni Kalerwe, kesho yake, asubuhi yenye jua kali. Maftah alikwenda kununua ndizi. Walikuwa wamesimama kwenye toroli la fenesi, mifuko ya safari chini ya miguu, wakila vipande mkononi na kubishana jambo, utomvu umewaganda vidoleni. Kidega alikuwa akicheka mpaka ameinama. Taqwa alimwona babu yake kupitia katikati ya watu, akainua mkono uliojaa fenesi.

"Babu! Njoo, kimebaki kipande chako!"

Maftah aliinua mkono naye. Akasema kwa sauti kwamba ana haraka, wampigie wakifika, akageuka na kushika njia ya Bukoto. Hakuwa na haraka yoyote. Hata ndizi alikuwa hajanunua.